Historia ya mhusika imelala kwenye karatasi: dalili, vyanzo na tiba

Mchezaji amekuletea kurasa nne za maisha ya mhusika wake: alikozaliwa, aliyemfundisha upanga, kwa nini hapandi chombo cha baharini. Umezisoma, ukazipenda, ukaziweka kwenye faili. Leo kundi limeshavuka jangwa na kupora makaburi mawili ya wafalme, na hakuna hata mstari mmoja wa kurasa zile uliowahi kutajwa mezani. Mchezaji mwenyewe haulizi tena. Tatizo hilo ndilo ninalotaka tulitibu hapa, pamoja na mengine ya ukoo wake, kwa sababu hakuna kinachomfanya mtu aupende mchezo huu kama kuona maisha aliyoyabuni mwenyewe yanarudi kumtafuta.

Kwa aliyeingia karibuni: nazungumzia michezo ya kuigiza wahusika mezani, Dungeons & Dragons na jamii yake. Wachezaji wachache, kila mmoja na mhusika wake kwenye karatasi, dadu za kuamua yasiyo na uhakika, na msimulizi mmoja anayeibeba dunia nzima: ndiye mfalme, ndiye muuza samaki, ndiye jini, ndiye adui. Nasema zaidi na msimulizi, ingawa mchezaji naye atapata lake.

Zamani tatizo hili halikuwapo. D&D ilipotoka Marekani mwaka 1974, mhusika alikuwa sifa sita zilizopatikana kwa kurusha dadu tatu, kazi yake, na dhahabu ya kununulia vifaa. Historia yake ilikuwa ni yale yatakayompata. Mwaka 1977 Traveller ikaja na utaratibu wa kumpitisha mhusika kwenye utumishi wa miaka minne minne, dadu zikiamua kama kapanda cheo, na hata kama kafia kazini kabla mchezo haujaanza. Champions ya 1981 ikaongeza jambo kubwa: adui anayekuwinda na mtu anayekutegemea vikaandikwa kwenye karatasi, na kwa kukubali mzigo huo ulipata pointi za kununulia uwezo. Pale ndipo palipokuwa na siri. Sheria za Champions hazikulipa urefu wa hadithi. Zililipa kuwapo kwa mtu mwingine, aliye hai, mwenye haja na mhusika wako.

Kwa hiyo kila dalili hapa chini nitaipima kwa deni. Historia inaendesha mchezo pale inapoacha deni ambalo halijalipwa: nani anamdai mhusika huyu, au nani anadaiwa naye? Anadai nini? Na kwa nini aje kudai sasa, si mwaka jana? Ukikosa jibu la mojawapo, ujue hapo ndipo palipokwama.

Dalili: historia ni ndefu, nzuri, na haina pa kushika

Chanzo mara nyingi ni kwamba imeandikwa kama hadithi iliyokwisha. Mwovu ameshauawa, kisasi kimeshalipwa, wapenzi wameshaachana na kila mtu kashika njia yake. Mchezaji amefanya kazi nzuri ya uandishi, na kwa kazi hiyohiyo akakunyima cha kufanya.

Usimrudishie aandike upya. Atavunjika moyo, na kurasa zile bado zina faida: ndizo zinazompa sauti, hasira na mzaha wa mhusika wake. Wewe chukua kalamu. Piga mstari chini ya kila mtu aliye hai, kila aliyesemwa amekufa ila maiti yake haikuonekana, kila ahadi, na kila kitu kilichochukuliwa kisirudishwe. Mengine yote mwachie mwenyewe.

Tumchukue mpiganaji wa mfano, jina lake Kombo. Mchezaji ameandika: “Kombo ni mtoto wa fundi majahazi wa bandari ya Shungi. Vita vilipoingia aliandikishwa jeshini pamoja na rafiki yake Saidi. Usiku wa kuamkia mapigano ya darajani, Kombo alitoroka na farasi wa kamanda. Kikosi kizima kiliangamia. Tangu hapo hajarudi kwao, anauza upanga wake kwa yeyote anayelipa.”

Ukiisoma haraka, hii ni hadithi ya majuto na imeisha. Isome tena na kalamu. Baba yuko hai, hakuna aliyesema amekufa. Kamanda hajulikani alipo. Farasi hakurudishwa. Halafu kuna sentensi moja ya dhahabu: kikosi kizima kiliangamia. Kombo amejuaje? Alishatoroka. Habari hiyo ameisikia kwa watu.

Basi Saidi anaweza kuwa hai, bila kuharibu hata neno moja la mchezaji. Sasa anataka nini? Wasimulizi wengi hapa hukimbilia kisasi, nami nakushauri ukiache kwanza, kwa sababu kisasi kina mlango mmoja wa kutokea nao ni upanga. Mpe Saidi haja ambayo Kombo peke yake anaweza kuitimiza. Tuseme Saidi leo ni karani wa ushuru pale Shungi. Wajane wa kikosi hawajawahi kulipwa chochote, maana kamanda alitoa taarifa kwamba askari walivamia daraja bila amri. Kamanda huyo sasa ndiye liwali wa mji. Saidi anajua amri ilitolewa, lakini shahidi mmoja hatoshi barazani. Shahidi wa pili aliyekuwapo amri ikitoka ni mtoro. Na kwa nini sasa? Baraza linafunga madai yote ya vita mwisho wa mwezi huu.

Tazama kilichotokea. Saidi anamhitaji mtu anayemdharau kuliko wote duniani. Kombo akitoa ushahidi, anakiri utoro wake mbele ya mji uliomlea, na baba yake atakuwa amekaa palepale akisikiliza. Liwali naye ana kila sababu ya kuhakikisha hafiki barazani. Hayo ni vikao vingi vya mchezo, vimetoka kwenye aya moja.

Kumwingiza mezani hakuhitaji maelezo marefu. Kundi linashuka gatini, linapanga foleni ya ushuru, nawe unasema:

“Karani anaandika majina yenu bila kuinua kichwa. Akifika kwa Kombo, kalamu inasimama. Mkono wake wa kushoto umekatika vidole viwili. Anasema polepole: ‘Mwana wa fundi Makame. Farasi yule alikufikisha wapi?’”

Hapo nyamaza. Usimweleze mchezaji huyo ni nani. Anamjua kuliko wewe. Wengine wataona mwenzao anabadilika uso na watamuuliza, na yeye atakuwa na hiari ya kujibu au kudanganya. Ukijaza ukimya ule kwa maelezo, umemnyang'anya zamu yake.

Dalili: kila mhusika ni yatima

Kijiji kilichomwa, wazazi waliuawa, mhusika amekua peke yake msituni. Meza nzima. Msimulizi huona huu ni uvivu. Mimi naona mara nyingi ni woga, na ni woga wenye sababu.

Mchezaji huyu alishawahi kuwa na mama kwenye karatasi. Mama akatajwa kikao cha kwanza, cha tatu akatekwa, cha nne akakutwa amekufa ili mchezaji apate uchungu. Kampeni iliyofuata, yaani mfululizo mwingine wa vikao vya hadithi moja, akaandika dada, naye yakampata yaleyale. Akajifunza kwamba kila unayempenda ni silaha unayomkabidhi msimulizi akupigie. Yatima hana cha kupokonywa. Kwa hiyo tiba haianzii kwenye historia, inaanzia kwenye mwenendo wako.

Toa ahadi kabla watu hawajaandika, kisha uishike. Toleo la saba la Call of Cthulhu, la mwaka 2014, lina kanuni inayofaa kuigwa kwenye mchezo wowote: kati ya mambo yaliyo kwenye historia yake, mchezaji huchagua moja liwe uhusiano mkuu, yaani mtu, mahali, kitu au imani anayoishikilia kuliko vyote. Msimulizi haruhusiwi kuliua wala kuliharibu bila kwanza kumpa mchezaji nafasi ya kurusha dadu kuliokoa. Ni mchezo wa kutisha unaowatia watu wazimu, na hata huko wameona kuna kitu kimoja kisichoguswa kiholela. Waambie wachezaji wako waziwazi: “Ndugu zenu hawatakufa nyuma ya pazia.” Utashangaa jinsi familia zinavyoanza kuota kwenye karatasi.

Halafu watumie ndugu kama ndugu. Sisi tuliokulia kwenye koo pana tunajua ndugu hahitaji kutekwa ndipo akusumbue. Ami amefariki, nyumba inagawiwa, mrithi mmoja hajaonekana tangu apande jahazi la kwenda kusini, na kadhi hagawi mpaka apatikane. Hiyo ni safari kamili. Binamu anaposa mji wa pili, njia ina wanyang'anyi, na shangazi anasema, “Mwanangu, wewe una upanga, mdogo wako hana.” Nani atamkatalia? Mjomba amekopa kwa jina lako. Hakuna damu iliyomwagika bado, na mhusika tayari yuko njiani, tena kwa sababu ambayo kila mtu mezani anaielewa tumboni.

Kwa aliyekwisha kuandika uyatima wake, usimfufulie wazazi. Muulize swali moja tu: “Ulikuwa na miaka saba, peke yako. Nani alikulisha?” Mtoto wa miaka saba hajilishi. Kuna mama ntilie aliyemwachia ukoko wa sufuria, kuna mlinzi wa ghala aliyejifanya haoni, kuna mwizi aliyemfundisha kazi. Mchezaji atataja mtu, na kwa kumtaja tu, deni limezaliwa.

Dalili: hadithi ya mmoja ikianza, wengine wanashika simu

Hii ndiyo inayowafanya wasimulizi wazuri waachane kabisa na historia za wahusika, na nasikitika kila nikiiona, maana inatibika.

Chanzo cha kwanza ni kwamba deni ni la mtu mmoja. Saidi anamtaka Kombo; Zaituni mwizi na Nasra mganga wanafanya nini hapo? Wamekuwa watazamaji. Dawa nzuri ni kuwaunganisha kabla mchezo haujaanza. Fate Core, ya mwaka 2013, inafanya hivi wakati wa kuumba wahusika: kila mmoja anaandika tukio moja kubwa la maisha yake, kisha wenzake wawili wanaandika jinsi walivyojikuta ndani ya tukio hilo. Mpaka mnaanza, kila mtu ameshiriki hadithi tatu. Utaratibu huo hauhitaji sheria za Fate. Karatasi zizungushwe mezani tu, kwenye D&D au mchezo wowote.

Kama mmeshaanza, unganisha madeni yenyewe. Historia ya Zaituni inasema aliiba muhuri wa tajiri fulani asiyemjua jina. Mfanye tajiri huyo awe liwali wetu, aliyekuwa kamanda. Sasa Zaituni anao, kwenye mkoba wake, muhuri uliogonga amri ya darajani. Yeye hajui. Kombo hajui kwamba Zaituni anao. Baraza la wajane limekuwa jambo la wawili, na Nasra anahusika kwa kuwa mmoja wa wajane ndiye aliyemfundisha dawa. Lakini shika breki hapo. Ukimfanya liwali awe pia baba wa Nasra aliyepotea na jini la kampeni iliyopita, dunia itasinyaa ikawa kijumba cha watu sita, na wachezaji wataacha kuamini kwamba kuna chochote nje ya maisha yao.

Chanzo cha pili ni mtindo wa kuendesha. Mazungumzo ya Kombo na Saidi yanaweza kuchukua dakika ishirini, watu wawili wakizungumza na watatu wakisubiri. Yakate. Katikati ya maneno mgeukie mwingine: “Zaituni, uko nyuma yao kwenye foleni. Unauona mkono wa Kombo. Unafanya nini?” Au mpe mwingine kazi ndani ya tukio: askari wa liwali wanasogea, nani anawachelewesha? Mgogoro wa nafsi ya mtu mmoja unavumilika, hata unapendeza, ikiwa wenzake wana la kufanya kwa mikono yao wakati huohuo.

Cha tatu ni zamu. Kuna mchezaji mwenye sauti ambaye historia yake hujitokeza kila wiki, na kuna mkimya ambaye yake haijaguswa. Weka orodha, tia alama. Kama unaona ugumu wa kuchagua, waachie dadu kama mchezo mwingine wa aina hii, GURPS, unavyofanya tangu 1986: adui au mtegemezi wa mhusika ana namba yake, na mwanzoni mwa mkasa msimulizi anarusha dadu tatu. Aliyeandikiwa 9 anatokea dadu zikijumlisha 9 au pungufu, yaani mara tatu hivi katika kila nane. Aliyeandikiwa 6 hatokei hata mara moja katika kumi. Kwa mchezaji mkimya, mpandishie namba.

Dalili: umemleta kaka yake, naye hakushtuka

Umetayarisha wiki nzima. Kaka aliyepotea anaingia mlangoni. Mchezaji anasema, “Sawa. Ana dhahabu?”

Kabla hujaudhika, tafuta chanzo, maana viko kadhaa na tiba zake hazifanani. Huenda kaka aliandikwa kujaza nafasi. D&D ya 2014 ilikuwa na majedwali ya tabia, maadili, vifungo na kasoro, unaruhusiwa kurusha dadu na kunakili kilichotoka. Kuna watu wazima wenye furaha ambao kifungo chao kikuu duniani kilichaguliwa na dadu jioni moja, wakakisahau. Hakuna kosa hapo. Sikiliza anachokitaja mwenyewe bila kuulizwa. Mchezaji huyu hamtaji kaka, ila kila wakiingia mji mpya anauliza kama kuna bahari. Basi historia yake ya kweli iko baharini. Mtafutie deni huko.

Huenda umembadilisha kaka. Yeye aliandika kaka mpole aliyemfundisha kuvua, wewe umemleta akiwa msaliti mwenye kovu, kwa sababu usaliti ni rahisi kuandika. Mchezaji hamtambui. Ukitaka kugeuza kitu kilicho kwenye karatasi ya mtu, muulize pembeni kwanza, hata bila kumfichulia mwisho: “Kaka yako anaweza kuwa na upande usioujua?” Akisema hapana, ni hapana. Fate ina utaratibu wenye heshima sana kwa hili: msimulizi akitaka kutumia udhaifu wa mhusika kumletea matata, anampa mchezaji pointi, mchezaji akikataa, analipa pointi moja na jambo halitokei. Haki ya kukataa imo ndani ya sheria.

Na huenda mtu huyu amekuja kupigana. Ametoka kazini amechoka, anataka kurusha dadu ya pande ishirini na kuona jini linaanguka. Ana haki yake. Kaka yake na awe anajua jini linalala wapi, mambo yaishie hapo.

Dalili: mkasa wa kununua haumjui mtu yeyote kundini

Umenunua kampeni iliyochapishwa, ina miji, ramani na wahusika mia, na hakuna nafasi ya fundi majahazi wala karani Saidi. Nafasi ipo. Mikasa hii karibu yote ina viti vilevile: aliyewatuma, aliyepotea, anayejua njia, anayesema uongo. Majina kwenye viti hivyo hayana thamani yoyote kwa wachezaji wako. Yafute. Anayewatuma awe mwalimu wa Nasra. Aliyepotea awe yule mama ntilie. Usibadilishe mapango wala hazina, badilisha majina na sababu, na kazi itakuchukua jioni moja.

Vizuri zaidi, anza kabla hawajaandika. Waambie: “Mkasa unaanzia mji wa wachimba madini milimani. Kila mmoja awe na sababu ya kuwa pale, na jina la mtu mmoja anayemjua pale.” Sentensi mbili hizo zinazuia nusu ya matatizo ya sehemu hii.

Dalili: shujaa wa vita kumi, ngazi ya kwanza

Historia inasema aliua joka. Karatasi inasema ni mchawi wa ngazi ya kwanza, yaani anayeanza tu, ambaye kwenye toleo la tano la D&D ana pointi 6 za uhai pamoja na nyongeza ya ustahimilivu wake; mapigo mawili ya mkuki wa mlinzi wa kawaida yanaweza kumlaza. Usimnyime joka lake. Muulize: “Uliliua, au ulikuwapo lilipokufa?” Wachezaji wengi huchangamka palepale, kwa kuwa la pili ni tamu zaidi. Sifa imeenea, yeye anaiishi, na aliyeliua kweli yuko mahali fulani akisikia jina lisilo lake likiimbwa. Deni hilo halina haja ya kuelezwa zaidi.

Dalili: siri imekaa mpaka imechacha

Mchezaji ana siri: mhusika wake ni mtoto wa adui, au ameuza roho yake. Mmeijua wewe na yeye tu, na mwaka unakaribia kuisha. Chanzo ni kwamba anaogopa ikitoka itaisha, na wewe unasubiri wakati mzuri ambao haufiki.

Siri mezani ina kazi wakati inavuja. Panga ivuje kwa vituo: kwanza dalili ambayo yeye peke yake ataielewa, kama wimbo wa ukoo wake unaopigwa na mwombaji njiani, kisha shahidi anayejua nusu na anayetaka kulipwa anyamaze, mwisho mtu anayeisema hadharani kama mhusika hajajisemea mwenyewe. Kila kituo kimpe nafasi ya kuungama kabla hajaumbuliwa. Na umwambie mchezaji, nje ya mchezo, kwamba utamu wa siri yake unaanza siku wenzake watakapoijua, kwa kuwa hapo ndipo watalazimika kuamua kama wanabaki naye.

Mchezaji, na wewe: kama una siri, mpe msimulizi jina la mtu mmoja zaidi anayeijua. Siri isiyojulikana na mtu mwingine yeyote haiwezi kumgonga mtu mlango.

Dalili: meza imenyamaza, na si ukimya mzuri

Umegusa historia, na mchezaji ametazama chini. Watu huandika wahusika kutoka kwenye maisha yao, mara nyingine bila kujua wamefanya hivyo. Baba mlevi wa karatasini anaweza kuwa baba wa nyumbani.

Simamisha. Usimalize sentensi. Kunyweni maji, muulize pembeni kama anataka jambo hilo liendelee, libadilike au lifutwe, na usidai sababu. Kadi ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos, ni kwa kazi hii: kadi yenye herufi X inawekwa katikati ya meza, yeyote akiigusa jambo lililopo linaondolewa bila maelezo. Mwanzoni mwa kampeni pia ulizeni, kwa kila mmoja: katika haya uliyoyaandika, lipi naruhusiwa kulileta, na lipi libaki kwenye karatasi tu? Kuna msimulizi atakayeona hili linapunguza mshangao. Mimi nimeona linaongeza ujasiri, maana mtu aliyekwisha kuonyeshwa mipaka yake inaheshimiwa huandika mambo mazito zaidi.

Dalili: mhusika amekufa, na deni lake limebaki hewani

Kombo ameanguka siku mbili kabla ya baraza. Dadu hazikumhurumia. Mchezaji wake anaanza kuchora mhusika mpya, na msimulizi anakunja kila kitu kilichomhusu Kombo: Saidi, wajane, liwali, baba. Jambo hilo linaua mengi kuliko kifo chenyewe, maana wachezaji wote wanaona kwamba waliyoyajali yalikuwa ya muda.

Madeni ya marehemu yana warithi. Kabla ya vifaa vyake kugawanywa, uliza meza: nani alimwahidi Kombo kitu? Zaituni bado ana muhuri. Saidi bado hana shahidi, lakini muhuri ni shahidi asiyeweza kuitwa mtoro. Mhusika mpya asitokee porini. Mwombe mchezaji achague kati ya watu waliokwisha kutajwa, awe mtoto wa mmoja wa wajane, au mwanafunzi wa fundi Makame aliyetumwa kumtafuta mwana wa mwalimu wake na kumkuta kaburini. Mchezaji anaijua historia yote tayari, kwa hiyo mpe kikao kijacho kianze kwake: yuko uwanjani kwa fundi, jahazi limeinuliwa nusu, na lazima yeye ndiye apeleke habari.